Diploma ya rekodi za afya Kenya: kagua haya kabla ya kulipa karo

Aliyepata alama ya wastani C katika KCSE aanze na diploma ya rekodi na teknolojia ya taarifa za afya ya KMTC, chuo cha serikali cha mafunzo ya tiba, miaka 3. Cheti cha miaka 2 kinamfaa mwenye C-. Mwenye C asikimbilie cheti kwa sababu ni kifupi, maana akitaka diploma baadaye atarudi darasani.

Vyuo vya kibinafsi navyo vipo, na hapo ndipo pesa hupotelea. Tangu sheria ya 2016 iliyounda bodi ya wasimamizi wa rekodi na taarifa za afya, kazi hii ina usajili na leseni. Iulize bodi yenyewe kama kozi hiyo imeidhinishwa katika kampasi utakayosomea. Ukionyeshwa barua ya tawi jingine, ondoka.

Neno "teknolojia" huwavuta wanaotaka kuunda programu. Hao waende ICT. Uti wa mgongo wa kozi hii ni istilahi za tiba, anatomia na misimbo ya magonjwa ya ICD, yaani orodha ya kimataifa ya magonjwa ya WHO. Kwa ICD-10, mwanafunzi hutafuta ugonjwa kwenye faharasa, juzuu ya 3, kisha lazima athibitishe msimbo katika juzuu ya 1. Wengi huishia kwenye faharasa, au huandika neno la kwanza la daktari na kuacha lililobaki: kisukari cha aina ya 2 chenye kidonda cha mguu kinawekwa E11.9, yaani bila matatizo, badala ya E11.5. Uliza pia kama ICD-11, iliyoanza kutumika Januari 2022, inafundishwa. Humo shinikizo la damu si I10 tena, ni BA00. Chuo kinachofundisha misimbo ubaoni tu, bila faili za mazoezi, hakifai hata kwa karo nafuu.

Chumba cha mazoezi nacho kitazame. Lazima kiwe na rafu za kupanga faili kwa tarakimu za mwisho: namba 12-34-56 huwekwa sehemu ya 56, kisha 34, kisha 12, ili faili mpya zisirundikane upande mmoja. Ukisoma 56 kama 65, faili imepotea ingawa imo chumbani. Ikitolewa bila kadi ya kuonyesha ilikokwenda, mgonjwa hufunguliwa nyingine, na onyo la mzio wake hubaki kwenye ile ya kwanza.

Upande wa ripoti, mwanafunzi ajue kutoka rejista ya wagonjwa wa nje, MOH 204, hadi muhtasari wa 705A, wa walio chini ya miaka 5, na 705B, wa wenye miaka 5 na zaidi, kisha DHIS2, mfumo wa kompyuta wa takwimu za afya. Kuingiza tarakimu ni rahisi. Kazi ni kugundua kwa nini jumla ya rejista na ya mfumo hazilingani.

Mwisho uliza hospitali za mafunzo ya vitendo, kwa majina. Kliniki ndogo isiyolaza wagonjwa haina faili za wodi wala vyeti vya vifo vya kujifunzia.