Sikulipa ada ili mwanangu apigwe picha

Nimevumilia vya kutosha, na sasa naona ni haki wazazi wengine wajue yanayofanyika katika chekechea hii inayojinadi kuwa watoto wake hujifunza msituni. Sitaeleza ada wala idadi ya walimu, kwa sababu hayo yamo katika kipeperushi chao. Ninachotaka kueleza ni ratiba ya siku, na hasa kile kipande cha asubuhi ambacho ndicho kilichonifanya nimwandikishe mwanangu hapo, na ambacho wanakiharibu kwa mikono yao wenyewe.

Kwenye karatasi, ratiba yenyewe ni nzuri mno. Watoto hupokewa getini, hukaa duara chini ya mti, huimba, huhesabiwa, kisha hukubaliana waelekee upande gani wa msitu. Wakifika huachwa wacheze watakavyo na matope, vijiti, mawe na mbegu walizookota, kwa muda mrefu bila kukatizwa, huku mwalimu akiwatazama kutoka pembeni na kuingilia pale tu penye hatari. Baadaye hunawa mikono, hula vitafunio, husikiliza hadithi, hupumzika, na kurudi. Yeyote aliyewahi kulea mtoto wa miaka minne atakubali kwamba kutokatizwa huko ndiko roho ya mpango mzima, kwa maana mtoto huzungukazunguka muda mrefu kabla hajapata jambo la kumshika, na akibanduliwa hapo ghafla, ni nadra aendelee alipoishia.

Siku moja niliruhusiwa kufuatana nao. Mwanangu alichuchumaa kando ya msafara wa sisimizi waliokuwa wakikokota bawa la panzi, akawa anaweka jani njiani mwao, analiondoa, analiweka tena, ili aone kama watalizunguka au watapita juu yake. Hakuna aliyemfundisha jaribio hilo. Kabla hajapata jibu, akaja msaidizi wa mwalimu na simu mkononi, akamshika makwapani, akamsimamisha penye mwanga mzuri, akampa jani jingine, tena la kijani zaidi, akamwambia acheke. Mtoto alipogeuka ili arudi alikokuwa alizuiwa, kwa kuwa picha ya kwanza haikutoka vizuri. Kisha wakaitwa wenzake, mmoja baada ya mwingine. Sehemu kubwa ya muda wa kucheza iliishia kwenye foleni hiyo, na jioni yake kundi la wazazi la WhatsApp likafurika pongezi.

Nilimfuata mwalimu mkuu kwa adabu zote, nikamwuliza kama picha haziwezi kupigwa kwa mbali, bila kumsumbua mtoto. Hakuinua hata uso. "Mama, wazazi wenzako wanashukuru. Ni wewe peke yako unayetaka mtoto achunguze sisimizi. Kwani nyumbani kwako hawapo?"

Kilichoniuma zaidi ni kwamba alikuwa ameketi chini ya bango la historia, linaloeleza jinsi Friedrich Fröbel, mwasisi wa chekechea, alivyoanzisha taasisi yake huko Bad Blankenburg, Ujerumani, mwaka 1837, jinsi watoto wake walivyokuwa na vijishamba vyao vya kupanda na kutunza, na jinsi chekechea za msituni zilivyochipuka Denmark katika miaka ya 1950. Yote hayo ni kweli. Yote hayo pia yalifanyika bila mtoto yeyote kuamrishwa acheke mbele ya simu, na anayetundika bango la namna hiyo juu ya kichwa chake angepaswa kulisoma.

Hata hivyo, sina budi kusema kwamba mwalimu wa darasa la mwanangu hana mfano wake. Mvua ikinyesha, huwavisha makoti na mabuti akatoka nao. Ni radi tu inayomrudisha ndani. Hampandishi mtoto kwenye tawi ambalo mtoto hawezi kulifikia mwenyewe, kwa hiyo anayepanda huwa pia anajua kushuka. Mwanangu, ambaye zamani alikimbia kila kitu chenye miguu mingi, sasa anatofautisha jongoo na tandu, na anajua ni yupi asiyeguswa. Nilipoanza kuandika nilikusudia kuwashauri msipite hata karibu na geti lile, lakini nikimkumbuka mwalimu huyu kalamu inasita, na pengine ningesema mwandikisheni mtoto, ilimradi awe chini yake.

Ningesema hivyo, kama juzi usingeingia ujumbe mpya kutoka ofisini. Tunaombwa Ijumaa tuwavalishe watoto nguo mpya za rangi zinazong'aa, kwa kuwa zile wanazovaa kila siku "hazipendezi kwenye picha". Nguo mpya, kwa watoto wanaokwenda kucheza na matope! Ni mtoto gani atakayethubutu kukaa chini akijua kwamba atagombezwa akichafuka? Basi ule ushauri wangu wa hapo juu naufuta. Ijumaa mwanangu atavaa kaptula yake ile ile yenye viraka, nimekwisha kuwaandikia kwamba sitaki apigwe picha tena, na kama hawataki kunielewa, wanirudishie salio la ada ya muhula.