Shangazi aliomba kahawa Marangu, akaletewa kopo

Nianze na hili ili anayesoma haraka asipoteze muda: loji tuliyolala Marangu Mtoni simshauri Mtanzania yeyote aende. Vyumba visafi, maji ya moto yapo, mashuka yananukia jua. Hayo yote hayajanituliza. Kilichotokea mezani asubuhi kimenikaa kooni mpaka leo.

Nilimpeleka shangazi yangu kupumzika, kipindi kile cha baridi, buni zikiwa zimeanza kuiva. Tunaishi naye hapa Arusha tangu mguu uanze kumsumbua, ila amezaliwa Kibosho, kwenye kihamba chenye kahawa chini ya migomba, na utoto wake wote aliumaliza akichuma. Ada ya baba yangu ilitoka kwenye kahawa hiyo. Yeye mwenyewe aliachishwa shule darasa la nne, mikono ya kuchuma ilikuwa inahitajika nyumbani.

Tulipanda Coaster mpaka Moshi, tukaunganisha gari la Himo, na pale Himo tukaingia Noah inayopanda mlimani. Himo ni jua na vumbi. Ukipanda kidogo tu hewa inageuka, migomba inakusogelea pande zote mbili, na maji ya mfongo, mfereji wa kienyeji wa kumwagilia, unayasikia kabla hujayaona. Shangazi alishusha kioo akaanza kukagua mashamba ya watu: huyu amepogoa vizuri, yule mikahawa yake imezeeka, aing'oe apande mingine. Sijamwona na furaha ile siku nyingi. Kinukamori tulikwenda pia, maporomoko ni mazuri, ngazi zinateleza, mwenye mguu mbovu abaki juu. Basi.

Sasa asubuhi. Tumekaa mezani. Meza ya pili kuna watalii wanaojiandaa kwenda lango la Marangu kuanza kupanda mlima, na mezani kwao kumeletwa birika la udongo, kahawa iliyokaangwa palepale uani. Harufu imejaa ukumbi mzima. Shangazi akaifuata kwa macho. Kijana wa kuhudumia akaja kwetu bila hata shikamoo kwa mtu mwenye umri wa bibi yake, akatua chupa ya maji ya moto na kopo la kahawa ya unga, ile ya kukoroga.

Shangazi akamwambia kwa upole, "Mwanangu, naomba ile inayonukia."

"Ile ni ya watalii, mama. Chai ipo."

Nikamwambia tutalipia. Akasema haipo kwenye bei yetu. Nikamuuliza ni shilingi ngapi, akaondoka. Nikaenda mapokezi, nikaitiwa meneja, mwanaume mzima mwenye koti zuri, akanieleza kwa sauti ya kumfundisha mtoto kwamba ni utaratibu, na kwamba Watanzania wengi hawanywi kahawa, wakiwekewa inamwagwa. Nilipopandisha sauti ndipo kikaja kikombe kimoja. Kilikuwa vuguvugu, machicha yamejaa chini. Nilikuwa nikiiangalia ile meza ya pili muda wote: walikuwa wameshanyanyuka, na birika lao lilikuwa limerudishwa jikoni dakika ile ile. Walitumiminia mabaki. Shangazi alionja, akakisogeza pembeni, akasema tusiwasumbue vijana wa watu.

Sina ugomvi na bei mbili. Raia kulipa kidogo ni sawa, na sehemu nyingi za utalii ndivyo ilivyo. Ugomvi wangu ni mtu kuwa na pesa mkononi, adabu mdomoni, halafu akaambiwa kitu kilichoota nyuma ya jiko si cha watu wa aina yake.

Na ile kauli ya meneja ina ukweli kidogo, ndiyo maana inauma zaidi. Wachaga tumelima kahawa zaidi ya miaka mia, na asubuhi tunakunywa chai iliyotoka Mufindi au Lushoto. Lakini hatukukataa kahawa kwa sababu haituingii. Kahawa ilikuwa pesa. Ilimenywa, ikaoshwa, ikaanikwa, ikapelekwa chama cha msingi, ikaishia mnadani Moshi na melini. Nyumbani kwa shangazi, mtoto aliyekutwa akikaanga buni alichapwa kama aliyeiba ada ya mwenzake. Na Watanzania gani hao hawanywi? Pwani wanakaa barazani na vikombe vyao vidogo tangu enzi, Bukoba wanazitafuna buni zilizochemshwa.

Halafu kuna historia ambayo mtu anayefanya biashara ya kahawa Marangu hana ruhusa ya kutoijua. Wakati wa Mwingereza, walowezi hawakutaka Mchaga alime kahawa kabisa. Walisema italeta magonjwa, itaharibu ubora, na walichoogopa hasa ni kukosa vibarua. Kina Joseph Merinyo wakaunda umoja wa wakulima wenyeji mwaka 1925 kulinda haki hiyo, na mwaka 1933 ikafuata KNCU, chama kikuu cha ushirika cha wakulima wa kahawa Kilimanjaro, ambacho kipo mpaka leo. Watu walipigania kuruhusiwa kupanda mti huu. Leo mjukuu wao amevaa koti anamwambia binti wa mkulima kwamba kikombe kizuri kina wenyewe.

Nilitaka tuondoke saa ile ile. Shangazi akakataa, akachukua fimbo yake akatoka kunyoosha mguu, na huko nyuma ya uzio akakutana na bibi anapalilia. Walianza Kichaga, kila mmoja na cha kwao, wakashindwana, wakahamia Kiswahili. Nilipomfuata nilimkuta ameshakalia kigoda. Yule bibi alikuwa na kahawa ya maganda kidogo ameificha kwenye kibuyu. Wakaitwanga kwenye kinu, wakapeta, wakaweka chungu kwenye mafiga. Shangazi akamnyang'anya mwiko. Akawa anakoroga bila kupumzika, anamwambia mwenzake moto umezidi, toa kuni moja, usisubiri iwe nyeusi, ikianza kutoa mafuta epua. Wakatwanga tena, wakachekecha, wakachemsha kwenye sufuria. Hakukuwa na sukari wala hatukuikumbuka. Nimekunywa kahawa kwenye migahawa ya Arusha inayouza kikombe bei ya mlo wa mchana, na hakuna hata mmoja unaokaribia ile. Bibi alikataa pesa. Tulimpelekea sukari na sabuni kutoka madukani pale Mtoni, akatufungia mkungu mdogo wa ndizi.

Kwa hiyo nirekebishe: Marangu nendeni. Mpeleke mzazi wako. Hata ile loji, nikiwa mkweli, mama anayepika mtori pale jioni anajua kazi yake, mtori mzito, nyama laini, na alitoka jikoni mwenyewe kumuuliza shangazi kama chumvi imetosha. Kwa ajili yake nilikuwa nimepanga kuweka nyota tatu.

Ila nimekumbuka wakati wa kulipa. Kwenye risiti waliandika kahawa moja. Yale mabaki. Nikamwonyesha meneja, akasema ndivyo mfumo ulivyosoma, na hakumtazama shangazi hata alipomuaga.

Nyota moja, na hiyo ni ya mpishi. Meneja, jina la shangazi yangu na namba yake ya simu viko kwenye daftari lako la mapokezi. Mpigie umwombe radhi yeye, si mimi. Ukishapiga nitarudi hapa kubadilisha.