Nimerasimisha ujuzi wangu wa uashi, ada kalipa serikali: kuna faida?

Miaka 17 nimeshika mwiko, na muda wote huo nikiulizwa nimesomea wapi, nilikuwa najibu "saiti". Nilianza Mbagala kama saidia fundi, nabeba zege kwa ndoo, nikawa fundi siku bosi wangu alipoumwa mgongo na mwenye nyumba hakutaka kusubiri apone. Fundi Maiko kabisa, yaani fundi asiyesomea. Kwa hiyo nilipoona tangazo pale serikali ya mtaa kwamba Ofisi ya Waziri Mkuu kwa kushirikiana na VETA, mamlaka ya mafunzo ya ufundi stadi, wanarasimisha ujuzi wa mafundi tuliojifunzia kazini, na ada inalipwa na serikali, nilicheka nikapita. Mke wangu ndiye aliyerudi kuchukua fomu.

Nawaandikia mafundi wenzangu mnaoniuliza kijiweni kila siku kama inafaa. Inafaa. Naipa nyota nne kati ya tano, na hiyo moja niliyoibakiza nitaieleza.

Kwanza mjue, hamwendi kufundishwa ujenzi upya. Unaeleza kazi ulizofanya, unapeleka picha na namba za watu uliowajengea, unahojiwa, halafu unapimwa kwa vitendo. Ukionekana una mapengo, unafundishwa hayo mapengo, mwisho unapata cheti chenye ngazi. Kundi letu hatukutoa hata mia: si ya kupimwa, si ya mafunzo, si ya saruji na tofali tulizochezea.

Aliyenipima ni mama mmoja wa makamo, ovaroli imefifia, hana maneno mengi. Akasema nipige kona, kozi nne, yaani mistari minne ya tofali. Nikafunga kamba, nikapima futi 3 upande huu, futi 4 upande ule, nikavuta tepu kutoka alama hadi alama mpaka ikasoma futi 5. Akaniuliza, "Kwa nini tano?" Nikamjibu, "Ndivyo inavyokuwa, mwalimu." Akachukua kijiti, akachora pembetatu kwenye mchanga: 3 mara 3 ni 9, 4 mara 4 ni 16, jumlisha upate 25, na 25 ni 5 mara 5. Kisha akasema nyumba ikiwa kubwa nipime 6, 8 na 10, maana ukipima kwa urefu zaidi, kosa dogo la kamba halikupotezi sana. Nimepiga kona za nyumba za watu miaka yote hiyo bila kujua kwamba nafanya hesabu.

Kona nikapita. Kilichoniangusha ni nondo. Tulikuwa tunasuka lenta, ule mkanda wa zege juu ya milango na madirisha, mimi kama kawaida yangu nikalaza nondo moja kwa moja juu ya mbao, nikataka kumwaga. Akauliza biskuti ziko wapi, vile vipande vidogo vya zege vya kuinua nondo isiguse mbao. Nikamwambia mtaani tunaweka kokoto, na kokoto zikiwa mbali tunaacha. Hakugomba. Alieleza tu kwamba nondo isipofunikwa na zege la kutosha, unyevu unaifikia, inashika kutu, na kutu ikivimba inalipasua zege kutoka ndani. Nyufa zake utazijua, zinafuata mstari wa nondo.

Nikanyamaza. Kuna lenta niliimwaga Chamazi, ina ufa wa namna hiyohiyo, umenyooka kama umepigwa rula. Mwenye nyumba aliponipigia simu nililaumu saruji.

Hapo ndipo nilipoacha kuwazia cheti nikaanza kusikiliza. Siku mbili zilizofuata walitufundisha kusoma ramani: kwenye kipimo cha 1 kwa 100, sentimita moja ya karatasi ni mita moja ya kiwanja. Kwa aliyepita shule ni kitu kidogo. Kwangu ilikuwa aibu ya miaka, maana nilizoea kumwambia mwenye nyumba "nieleze tu, nitaelewa". Na zege: niache kuongeza maji ili liteleze vizuri kwenye ndoo, kwa sababu kila ndoo ya ziada inakula nguvu yake. Hili saidia fundi wangu wanalichukia mpaka leo.

Sasa nyota niliyoibakiza. Ada imelipwa, sawa, lakini mimi ni mtu wa kibarua. Siku sita sikuingia saiti, na siku yangu ni 25,000, hiyo tayari ni 150,000. Nauli na chakula kama 5,000 kila siku, weka 30,000 nyingine. Jumla 180,000 zimetoka mfukoni mwangu kwa kitu cha bure. Tangazo halikudanganya, lilisema ada tu. Lakini wenzetu wawili waliishia siku ya tatu, na mmoja namjua alikuwa fundi mzuri kuliko mimi. Hakushindwa mtihani. Alishindwa na kodi ya chumba. Wangetupimia saitini tunakofanya kazi, au wangeweka hata nauli, yule jamaa leo angekuwa na cheti.

Na msione haya kwenda mkidhani mnaomba msaada. Waajiri hulipa tozo ya kuendeleza ufundi stadi, ambayo mwaka 2023 ilishushwa kutoka asilimia 4 ya mishahara hadi 3.5, na ni kwa ajili ya mafunzo ya namna hii. Imetoka kwenye kazi, irudi kwenye kazi.

Cheti kimenisaidia nini? Mtaani, hakuna kitu. Mwenye nyumba wa Mbagala anaangalia bei na anaangalia ukuta wa jirani. Ila kampuni moja yenye saiti Kigamboni ilikuwa inachukua waashi wenye cheti tu, na getini nilipita nikiwaacha vijana nje. Pale siku ni 35,000, na mkataba nimesaini, mara ya kwanza maishani. Kasoro ni kwamba cheti changu cha kwanza kilitoka jina limepungua herufi moja, chuo nilikopangiwa wakakirudisha, nikasubiri miezi mitatu. Kwa hiyo siku ya kujaza fomu andika jina kama lilivyo kwenye kitambulisho chako cha NIDA, kwa herufi kubwa, na umwombe karani akusomee.

Beba na mwiko wako. Sisi tulikuwa kumi na wanane, miko ya pale mitatu.