Nyota nne kwa mafundi, mbili kwa dawati la waranti: bawaba ya laptopu

Kilichopelekwa kukarabatiwa ni laptopu ya inchi 15.6 yenye mwili wa plastiki, ikiwa bado ndani ya waranti ya mwaka mmoja. Kona ya kulia ya kifuniko ilikuwa inaachama kila skrini inapoinuliwa, na ndani yake unasikia plastiki ikilia "tak". Jina la kampuni silitaji, kwa sababu kasoro hii ipo kwenye laptopu za plastiki za watengenezaji wengi, na majibu ya madawati yao ya waranti nayo yanafanana. Karakana ilifanya kazi nzuri, isipokuwa jambo moja nitakalolieleza. Shida ni kuifikia hiyo karakana.

Kwanza kujua ni nini hasa kinachovunjika, maana madai yako yote yatajengwa hapo. Bawaba yenyewe kwa kawaida huwa nzima. Ni kijiti cha chuma kinachozunguka katikati ya washa za springi (pete nyembamba za chuma) zilizobanwa na nati, na ule msuguano ndio unaoizuia skrini isijiangukie. Mguu mmoja wa bawaba umefungwa kwenye kifuniko, mwingine kwenye sehemu ya chini, kwa skrubu ndogo za M2 au M2.5, yaani zenye kipenyo cha milimita 2 au 2.5. Skrubu hizo haziingii kwenye chuma. Zinaingia kwenye nati ndogo za shaba zilizozamishwa kwa joto ndani ya vinguzo vya plastiki vyenye kimo cha milimita chache tu. Grisi ikikauka, au nati ya kijiti cha bawaba ikiwa imekazwa kupita kiasi tangu kiwandani, msuguano unapanda, na nguvu ya kuushinda inabebwa na vile vinguzo.

Hesabu yake ni rahisi. Kutoka ukingo wa kifuniko unaoushika kwa vidole hadi kwenye kijiti cha bawaba ni kama sentimita 22. Kutoka kijiti hadi skrubu za mguu wa chini ni kama sentimita 2. Bawaba ikiwa ngumu kiasi kwamba unaivuta kwa nguvu ya kilo moja, kule kwenye skrubu inafika ikiwa zaidi ya kilo 10. Ukifungulia katikati, mzigo huo unagawanywa na bawaba mbili. Ukifungulia pembeni, sehemu kubwa inaishia upande mmoja. Ndiyo maana kona inayokufa kwanza mara nyingi ni ile ya upande ambao mwenye laptopu huushika.

Dalili ya mapema haionekani kwa macho. Fungua skrini polepole hadi nusu, kisha chukua karatasi ya kawaida ujaribu kuipenyeza kwenye mshono kati ya fremu ya skrini na kifuniko cha nyuma, karibu kabisa na bawaba. Isipoingia, uko salama. Ikiingia upande mmoja na kugoma upande wa pili, kinguzo kimeshaanza kung'oka. Fanya hivyo hivyo kwenye mshono wa chini, nyuma ya kibodi. Jaribio hilo linakuambia pia ni kipande gani kimeumia, na hilo lina maana kubwa, kwa sababu mafundi na maduka ya spea huvitaja vipande vya mwili wa laptopu kwa herufi: A ni kifuniko cha nyuma ya skrini, B ni fremu inayoizunguka skrini, C ni sehemu ya kibodi na viganja, D ni tumbo la chini. Mshono wa juu ukiachama, aliyeumia ni A. Nyuma ya kibodi pakivimba, ni C au D, kutegemea bawaba za modeli yako zimefungwa wapi.

Kuna ugonjwa mwingine unaofanana na huu: betri iliyovimba. Nayo huinua sehemu ya kibodi na kuachanisha mishono. Tofauti ni kwamba betri huinua katikati, chini ya padi ya kugusia au viganja, hata laptopu ikiwa imefungwa na haijaguswa. Bawaba huinua pembe ya nyuma, na huinua wakati kifuniko kinapotembea. Ukihisi ni betri, acha kuichaji, usiibonyeze irudi chini, na usiifungie kwenye kifurushi. Waeleze kwanza watu wa waranti, kwani betri iliyovimba ina utaratibu wake wa kusafirishwa.

Sasa dawati la waranti. Waranti ya kawaida inalipia kasoro ya vifaa na ya utengenezaji. Hailipii kuanguka, kugongwa wala kukaliwa. Mhudumu akiona picha ya plastiki iliyopasuka, jibu lililo karibu zaidi na ulimi wake ni "uharibifu wa mtumiaji". Nilijibiwa hivyo hivyo, na nyota tatu nilizokata kwa dawati zinatokana na jibu hilo kutolewa kabla mtu yeyote hajauliza kama bawaba ni ngumu. Kubishana kwa simu hakusaidii. Kinachosaidia ni maandishi yanayoeleza namna kitu kilivyovunjika, pamoja na picha zinazoyaunga mkono.

Piga picha kona zote nne za laptopu kwa karibu, mwanga ukitokea upande, ili ionekane kwamba hakuna kovu wala bonde la kuanguka. Piga skrini ikiwa imewashwa, nzima. Piga mshono ulioachama, na kama nati ya shaba inaonekana ikiwa imetoka na ganda la plastiki limeizunguka, hiyo ndiyo picha yenye uzito kuliko zote: laptopu iliyoanguka hupasuka kuanzia kona kuingia ndani, ilhali iliyouawa na bawaba hupasuka kuanzia kwenye skrubu kutoka nje. Ongeza video fupi ya kufungua kwa kidole kimoja katikati ya ukingo, ukionyesha upande mmoja unavyochelewa kumfuata mwenzake. Ujumbe wenyewe uwe mfupi. Huu ndio ulionisaidia:

"Nati ya shaba inayoshika bawaba ya kulia imeng'oka kwenye plastiki ya kifuniko A. Kona na kingo hazina alama ya kugongwa. Bawaba ya kulia ni ngumu kuliko ya kushoto, na ufa umeanzia kwenye skrubu. Naomba kifuniko A na bawaba zote mbili vibadilishwe chini ya waranti. Kama mnakataa, naomba sababu kwa maandishi, ikitaja kifungu cha waranti."

Sentensi ya mwisho ndiyo iliyolihamisha suala kutoka kwa mhudumu wa kwanza hadi kwa mtu anayejua laptopu. Omba namba ya tiketi, yaani namba ya faili la madai yako, na kila mawasiliano uyapitishe chini ya tiketi hiyo hiyo. Ukifungua mpya, unaanza upya na picha zako zinabaki kwenye ile ya zamani. Muuzaji naye asisahauliwe. Katika nchi za Umoja wa Ulaya, kwa mfano, muuzaji anawajibika kwa miaka 2 kwa bidhaa yenye kasoro, na ndani ya mwaka wa kwanza kasoro huhesabiwa kuwa ilikuwepo tangu siku ya kukabidhiwa, isipokuwa yeye athibitishe vinginevyo. Hiyo ni haki ya kisheria, tofauti na waranti ya mtengenezaji. Soma sheria ya unakoishi kabla ya kukubali "hapana".

Ukiwa ulilipia bima ya ajali pamoja na laptopu, mjadala wa chanzo unakwisha, ila angalia masharti: nyingi zina kikomo cha idadi ya madai, na mimi nisingeitumia nafasi hiyo kwa kasoro ya kiwandani.

Wakati unasubiri, usiguse kitu kwa gundi. Gundi inampa mkaguzi sababu ya kukataa, na ikitiririka ndani ya bawaba inamaliza kila kitu. Kama lazima utumie laptopu, iache wazi kwenye pembe moja na uunganishe skrini ya nje. Ukilazimika kuifunga, bana kona iliyoumia kwa vidole juu na chini, kisha shusha kifuniko taratibu.

Kabla ya kuituma, hamisha data zako zote, kwani karakana nyingi zinajipa haki ya kubadilisha au kufuta diski. Kwenye Windows angalia kama BitLocker, kinga inayofunga diski kwa ufunguo wa siri, inafanya kazi, na uandike ufunguo wake wa tarakimu 48 mahali pengine. Bodi mama ikibadilishwa, laptopu itaudai kabla ya kuwaka. Toa kadi ya kumbukumbu na laini ya simu. RAM au diski uliyoongeza mwenyewe, itoe na urudishe ya asili kama ipo. Chaja usiitume bila kuombwa. Piga picha ya namba ya mfululizo, na picha ya laptopu ikiwa ndani ya boksi kabla hujalifunga.

Iliporudi, karatasi ya matengenezo ilitaja kifuniko A kipya na bawaba mbili mpya. Huo ndio ukarabati sahihi. Wakibadilisha plastiki na kuacha bawaba ile ile ngumu, kifuniko kipya kitafuata njia ya mwenzake. Wakibadilisha bawaba na kuubandika upya mshono wa zamani, kadhalika. Karatasi isipotaja vipande kwa majina, piga simu uulize kabla waranti ya ukarabati haijaisha, ambayo mara nyingi ni fupi, siku 90 kwa makampuni mengi.

Nyota moja niliyowakata mafundi ni ya fremu B. Waliirudisha ya zamani, na fremu hiyo hushikwa na vibanio vyembamba ambavyo hukatika wakati wa kuibandua. Vibanio vilivyokatika havionekani, ila ukipitisha ukucha kwenye mshono unasikia sehemu fulani ikicheza. Spea yenyewe ni ndogo. Ilipaswa kubadilishwa pamoja na A.

Ukaguzi wa kupokea usiishie kwenye bawaba. Ndani ya kifuniko mnapita kebo ya skrini, nyaya za antena za Wi-Fi, na mara nyingi kamera na maikrofoni. Zote hupita kando ya bawaba, na zote zilifunguliwa na kufungwa tena. Weka skrini nyeupe tupu, kisha tembeza kifuniko kutoka nyuzi 30 hadi mwisho: skrini ikimetameta au ikionyesha mistari kwenye pembe fulani tu, kebo imebanwa. Pima Wi-Fi ukiwa chumba cha mbali na kisambazi, kwa sababu antena iliyosahaulika bado hufanya kazi ukiwa karibu. Rekodi sauti na video. Funga kifuniko uone kama laptopu inalala. Isipolala, yawezekana sumaku ya kihisi haikuhamishwa kwenye kifuniko kipya. Hesabu skrubu za tumbo.

Waranti ikiwa imekwisha, bei ya kifuniko A na bawaba ilinganishwe na kazi ya gundi, na kama spea zinapatikana, nunua spea. Kama hazipatikani, gundi inayofaa ni epoksi ya sehemu mbili yenye unga wa chuma, ile inayochukua saa nyingi kukauka. Gundi za papo kwa papo hukauka zikawa kama kioo na kupasuka siku za mwanzo, hata ukizichanganya na magadi. Chomoa kebo ya betri kabla ya kitu kingine chochote. Panga skrubu juu ya karatasi kwa mpangilio wa matundu yao, maana skrubu ndefu ikiingia tundu fupi hutokeza upande wa pili au kutoboa kitu. Kwangua plastiki kwa msasa, safisha kwa spiriti, changanya epoksi kwa vipimo sawa, rudisha nati ya shaba ikiwa imeshikiliwa na skrubu yake yenye tone la grisi kwenye nyuzi ili isigande. Subiri saa 24.

Ila kabla ya kurudisha bawaba, ishike mkononi na uizungushe. Kama inakushinda kwa vidole, tatizo bado liko pale pale. Zenye nati inayoonekana mwishoni mwa kijiti hulegezwa kwa robo mzunguko au chini ya hapo, pande zote mbili sawa. Ukizidisha, skrini haisimami. Zile zilizokunjwa kama ganda kuzunguka kijiti hazilegezwi, hubadilishwa. Usipulizie mafuta ya dawa za kutu: hayaingii kwenye washa zilizobanwa kwa kiasi cha kusaidia, na yakitapakaa kwenye plastiki yanaweza kuidhoofisha na kuleta nyufa mahali pale pale ulipotia epoksi.

Wakati wa kufunga, weka kifuniko wazi nyuzi 90, kaza skrubu za bawaba kwa zamu, kidogo kidogo kila moja, ukitumia bisibisi ndogo ya msalaba, saizi PH0, inayokaa sawasawa kichwani. Kwa laptopu zenye kioo cha kugusa kilichobandikwa moja kwa moja kwenye kifuniko, kazi hii siipendekezi kwa mtu asiyewahi kubandua kioo. Huko tafuta kifuniko kizima kinachouzwa pamoja na skrini yake.