Kanvasi za kudarizi zilizochorwa kwa mkono: nilizoagiza ng'ambo na nilizochorewa Mji wa Kale

Nianze na bei, maana ndilo swali la kwanza la kila anayeuona ule mto wa ndege kwenye kochi langu. Kanvasi peke yake dola 140. Nyuzi kando, fundi wa kushona mto kando. Na ndiyo, ni kitambaa cha matundu chenye picha nzuri ambayo wewe mwenyewe utaifunika yote kwa uzi mpaka isionekane tena. Mume wangu alipiga hesabu kwa shilingi, akanyamaza, kisha akauliza, "Na ndege huyu hutaga?"

Hatagi. Lakini ningemnunua tena.

Sindano nimeanza kuishika utotoni. Nyanya yangu alikuwa akishona kofia za mkono, Kibokoni, na sisi wajukuu tukipewa vipande vilivyobaki tuviharibu. Kofia huchorwa kwanza kwa penseli, viua na majani, ndipo sindano ifuate. Nyanya hakuwa akichora. Alichorewa na bi mmoja jirani. Akipokea kitambaa hukielekeza kwenye mwanga wa dirisha, akatazama, akasema, "Huyu leo amechora na usingizi." Nikidhani ni uchokozi wa watu wazima. Nimekuja kumwelewa nikiwa na miaka 43 na kanvasi mapajani.

Kazi hii wenyewe huiita nidopointi. Si ule mshono wa msalaba tuliofunzwa shuleni, wa kuhesabu kutoka kwenye karatasi. Hapa picha imeshapakwa rangi juu ya kanvasi yenyewe, nawe unafuata rangi kwa mshono mdogo wa mshazari, mmoja kwa kila mahali nyuzi mbili za kanvasi zinapopishana. Kanvasi ni pamba iliyokazwa kwa wanga, na huuzwa kwa idadi ya matundu kwa inchi. Zinazopatikana zaidi ni za 13 na za 18. Kwa kanvasi ya 13, inchi moja ya mraba ina mishono 169. Kwa ya 18 ni 324. Mto wangu ni wa 13, inchi 10 kwa 10, kwa hiyo mishono 16,900, na hapo sijatia niliyoifumua.

Kanvasi yangu ya kwanza haikuchorwa kwa mkono. Ilichapwa kwa mashine, nikaiagiza kwenye duka la mtandaoni ambalo sitalitaja, kwa sababu ilikuwa rahisi na picha ilikuwa ya maua yenye pindo kama la leso. Nilipofika kwenye pindo ndipo nikajua. Lilianza kwenye uzi wa pili kutoka ukingoni, likafika upande wa pili liko kwenye uzi wa tano. Yaani kitambaa kiliingizwa mashineni kimekaa upande. Mshono haufuati picha, hufuata nyuzi, basi ukitaka kufuata pindo lile unapata ngazi: mishono ishirini, unashuka kidato, ishirini mingine, unashuka tena. Na kila rangi mbili zilipokutana palikuwa na mishono ambayo nusu nyekundu nusu nyeupe. Nishone ipi? Niliuliza hivyo mara mia kwa siku, mpaka nikaikunja nikaitia kabatini. Bado iko huko.

Binamu yangu aishiye Marekani ndiye aliyeniambia nitafute iliyochorwa kwa mkono, mchoraji akiweka brashi juu ya kila makutano ya nyuzi, rangi moja kwa mshono mmoja. Akanionya pia jambo ambalo wauzaji hawalitangazi: "kwa mkono" pekee haitoshi. Wako wanaopaka juu ya kanvasi kama wapakao ukutani, brashi inapita popote, nawe uamue mwenyewe mstari upite wapi. Hiyo nayo imechorwa kwa mkono, na huuzwa bei ileile. Kwa hiyo siku hizi sinunui bila kuomba picha ya karibu kabisa, na sitazami ua wala uso. Natazama mviringo, na natazama jicho. Mviringo uliopangwa na mtu anayejua utaona vidato vyake vinalingana kushoto na kulia. Na jicho la ndege kwenye kanvasi ya 13 huwa ni mishono mitatu, minne. Likikosewa mmoja, ndege anakutazama kama amedhulumiwa.

Wasanii nimewajua kwa kusoma ukingo. Pembezoni mwa kanvasi nzuri, pale pasiposhonwa, mara nyingi huandikwa jina au herufi za mwenye mchoro, namba ya mchoro na idadi ya matundu. Ukipenda kimoja unajua jina la kutafuta. Ndivyo nilivyomfikia Charley Harper. Alikuwa mchoraji wa Kimarekani, amezaliwa 1922 na kufariki 2007, na ndege wake amewajenga kwa duara, pembe tatu na mistari iliyonyooka, manyoya hayahesabu. Michoro yake haikufanywa kwa ajili ya sindano, lakini utadhani ilikuwa ikingojea matundu. Mstari ulionyooka wa Harper unakaa juu ya uzi ulionyooka wa kanvasi, na pale penye mshazari, mshono wenyewe ni wa mshazari. Wangu ni yule kadinali, ndege mwekundu wa kwao mwenye kishungi. Mavyaa wangu alipomwona akauliza kwa nini nimejisumbua miezi mitano kumshona kunguru mwekundu, na hawa weusi wa Mombasa hawatutoshi.

Hapa pana jambo lililonichukua muda kulifahamu. Jina lililo ukingoni ni la mwenye mchoro, lakini brashi mara nyingi ni ya mtu mwingine, anayeketi na kunakili kanvasi moja baada ya moja kutoka kwenye ile ya mfano. Kwa Harper, aliyekwisha kufa, hilo ni wazi. Kwa walio hai pia ni kawaida. Kwa hiyo mchoro uleule unaweza kukujia safi, au ukakujia umechorwa na usingizi. Mto wangu ulichorwa na mtu macho. Katika mishono yote ile elfu kumi na sita nilikwama mahali pawili tu, chini ya bawa. Mtu huyo simjui jina, na yeye ndiye niliyekaa naye miezi mitano.

Mwingine nimpendaye ni Kaffe Fassett, aliyezaliwa San Francisco mwaka 1937 akahamia Uingereza. Kabichi zake! Nani angefikiri kabichi inafaa kuketi sebuleni, lakini kijani zake hazihesabiki, na ndani yake kuna zambarau, na buluu. Nitasema ukweli lakini: vifurushi vyake vya kanvasi na nyuzi, vya kampuni ya Ehrman ya Uingereza, ni vya kuchapwa, si vya kuchorwa kwa mkono, na ni vya uzi wa sufu. Nimeviona kwa rafiki yangu wa Nyali, kazi nzuri. Ila shona sufu Mombasa mwezi wa pili, kaskazi imetulia, umeme umekatika, na kanvasi nzima iko mapajani. Ni sawa na kumbeba paka mgonjwa. Mimi nashona kwa pamba ile iliyosokotwa inayong'aa, ya DMC ya Ufaransa au inayofanana nayo: namba 3 kwa matundu 13, namba 5 kwa 18. Biashara Street nimepata rangi kadhaa, nyekundu na nyeusi hasa. Vijivu na kijani cha kufifia huwa naletewa. Uzi nakata dhiraa moja, si zaidi, kwa sababu kila upitapo tunduni unasuguliwa, na ukiwa mrefu unafika mwisho umekonda.

Mawili zaidi kabla sijafika kwa kijana anichoreaye Mji wa Kale. Kwanza, usiache sindano imechomekwa kwenye kazi ukaenda kulala. Hewa ya bahari haina subira. Nilifanya hivyo wakati wa masika, siku nne tu, nikakuta alama ya kutu kama tone la chai kwenye sehemu nyeupe, na haikutoka mpaka nilipofumua na kushona juu yake. Pili, jifunze ule mshono unaokwenda kwa mshazari kutoka pembeni, ambao Waingereza wameupa jina la kapu lililosukwa. Hula uzi zaidi lakini kanvasi haipindi. Nyuma yake hutoka kama ukili wa mkeka, na ndivyo ninavyouita, mshono wa ukili. Hiyo ya kwanza kabatini niliishona kwa safu za kulala tu, na mbali na makosa ya pindo, imevutika upande kama shati lililoanikwa vibaya.

Sasa kijana. Anachora Mji wa Kale, si mbali na Fort Jesus, picha za majahazi na za wazee wenye kanzu kwa ajili ya watalii. Mkono wake ni mwepesi. Nilimpelekea kipande cha kanvasi tupu ya 13 niliyoletewa, ya Zweigart ya Ujerumani, ile yenye mstari wa rangi ya chungwa pembezoni, nikamwambia nataka mlango: mlango wa kwetu, wenye nakshi kwenye miimo, na mfaa, ule mti wa katikati ya mlango, wenye maua. Akakubali kabla sijamaliza.

Siku tatu baadaye akanionyesha. Kama picha, ilikuwa nzuri. Kama kanvasi, ilikuwa msiba. Rangi aliipaka nene mpaka matundu yakaziba, na sindano ilikuwa ikitoboa ngozi ya rangi kwa sauti. Mfaa ulikuwa umeegemea kushoto kwa nyuzi mbili. Sikumlaumu, mimi ndiye niliyempa kanvasi kana kwamba ni kanvasi.

"Anti," akaniambia, "huo mfaa umesimama. Ni wewe wauinamisha."

"Hesabu nyuzi, babangu. Huku kumi na moja, huku tisa."

"Mbona wahesabu kama mkopeshaji?"

Sikumjibu. Nilimpa sindano na uzi mweusi, nikamwambia ashone inchi moja ya kazi yake mwenyewe. Aliketi pale barazani, watalii wakipita, wengine wakipiga picha, akashona saa nzima. Mishono 169 si mingi mpaka uishone. Alipofika kwenye ua akasimama. Akalitazama, akaligeuza. Kisha akasema, na hili sikumfunza mimi: "Ua hili nimelipa matundu kumi. La kumi halina moyo. Lataka kumi na moja."

Ni kweli kabisa. Ukitaka ua liwe na kitovu, matundu yawe witiri, saba, tisa, kumi na moja. Mimi nimekaa na kanvasi miaka mitatu na sijawahi kulisema jambo hilo kwa maneno.

Mlango wa pili aliuchora kwa rangi nyepesi ya akriliki iliyozimuliwa, kwanza mistari ya penseli juu ya nyuzi, kisha brashi ndogo, mshono kwa mshono. Ulimchukua siku tisa. Nikamlipa shilingi 3,500 na nikaona nimemdhulumu kidogo. Si kamili: mnyororo wa nakshi kwenye mwimo wa kulia una pingu moja zaidi ya kushoto, na kahawia zake mbili zinakaribiana mno, ukishona usiku huzitofautishi. Kabla ya kushona nilipangusa pembe moja kwa kitambaa chenye maji, kuona kama rangi inatoka. Haikutoka. Basi nikaanza, na mlango huo ndio ninaoushona sasa. Niko kwenye kizingiti.

Mkiniuliza mwanzishe wapi: msianze na dola 140. Tafuteni kipande kidogo cha 13, inchi nne au tano, cha mchoraji anayepanga rangi kwa mshono, chenye mistari zaidi ya viringo, mjue mkono wenu unataka nini. Anayependa sura za watu na vivuli aende kwa 18, na awe na macho. Ndege wa Harper nampa alama zote. Mlango wa kijana wangu, kwa pesa yake, sijaona mfano.

Wiki jana nilimkuta amechora ya tatu bila kuagizwa na mtu, kwenye kipande nilichomwachia. Ni kisutu, kile cha bibi arusi, nyekundu, nyeusi na nyeupe, na wallahi sijui kwa nini sikukifikiria mwenyewe, maana kisutu tangu zamani ni cha vipande vidogo vilivyojipanga. Kila kiungo kina kitovu. Ukingoni ameandika herufi zake mbili, halafu 13, halafu namba ya mchoro: 3. Nikamwuliza ya pili i wapi. Akasema ya pili si ndiyo mlango wako, Anti. Na ya kwanza? Ile iliyoinama, akasema, iko chini ya godoro, na haiuzi.