Biblia ya maandishi makubwa niliyoingia nayo wodini
Niliinunua Biblia hii ya maandishi makubwa, tafsiri ya Union iliyotolewa mwaka 1952, wiki mbili kabla ya kufanyiwa upasuaji wa mtoto wa jicho, nikiwa na hofu ambayo hata mke wangu sikumdokezea, kwa kuwa nilikuwa nimeambiwa kwamba mgonjwa hubaki macho wakati daktari akifanya kazi yake. Herufi zake ni nene na zimeachana vizuri, hivyo kwa jicho lililokuwa na nafuu niliweza kusoma Zaburi ya 56 bila miwani, na mstari wa 3, "Siku ya hofu yangu nitakutumaini Wewe," nikaukariri usiku na mchana. Ninachokipenda hapo ni kwamba Daudi, aliyekuwa ameshikwa na Wafilisti huko Gathi, hakatai kuwa anaogopa. Anaitaja hofu kwanza, ndipo analitaja tumaini. Asubuhi ya upasuaji mikono ilinitetemeka vilevile, lakini nilipofunikwa uso kwa kitambaa niliurudia mstari ule kimoyomoyo, na nikajikuta nimetulia kiasi cha kumjibu muuguzi aliyeniuliza habari za shamba.

Kasoro zipo. Karatasi ni nyepesi mno, zipu ya jalada ilikwama mwezi wa kwanza, na uzito wake unachosha mkono wa mtu aliyelala kitandani. Hata hivyo nimemnunulia dada yangu nakala nyingine, maana naye anasubiri zamu yake ya kupasuliwa.