Vitamini D ya "kushusha sukari": uzoefu wangu, na hasira zangu

Ukimsikia mtu anakwambia vitamini D inashusha sukari, muulize kwanza yeye anaiuza bei gani. Mimi niliuziwa kopo moja Kariakoo kwa elfu sitini na ushee, mwaka huu huu, mvua zilikuwa bado. Duka silitaji, sitaki kesi na mtu.

Nina kisukari cha ukubwani, na dawa yangu ya sukari, metfomini, nameza asubuhi na jioni. Kazi yangu ni cherehani. Nashinda ndani, na nikitoka najifunika. Yule kijana wa kaunta, koti jeupe limenyooshwa pasi mpaka kwenye kola, alinisoma haraka. "Mama, wewe jua hulioni. Mwili wako hauna vitamini D, ndiyo maana sukari haishuki." Akatoa karatasi ya Kiingereza iliyopigwa lamineti, ina picha ya jua na kongosho, kile kiungo kinachotoa insulini ya kushusha sukari. "Utafiti wa Marekani huu, siyo maneno ya mtaani." Jamani, nani atabishana na Marekani iliyopigwa lamineti?

Kopo linasema kidonge kimoja kina uniti 5,000. Yeye akaniinamia kama ananipa siri: "Ukitaka matokeo ya haraka, meza viwili." Nikameza kimoja kimoja, sikupenda ile haraka yake.

Sasa nitende haki. Baada ya wiki kadhaa mwili ulichangamka, na magoti yakaacha kulalamika nikipanda ngazi. Labda ni vitamini. Labda ni kwa vile siku hizo nilikuwa nashuka daladala kituo kimoja kabla, namalizia kwa miguu. Lakini mimi sikununua dawa ya magoti. Nilinunua ya sukari, na asubuhi mashine ilikuwa inanisomea 9, inanisomea 10, kesho yake ya harusi ya mpwa wangu ikasoma 13, na hiyo ya harusi sitaki mtu anisemeshe. Kipimo kile cha wastani wa sukari wa miezi mitatu (HbA1c) kilikuwa asilimia 8.4 kabla ya kopo. Niliporudi kliniki kikatoka 8.5. Na kile hakidanganyiki kwa kulala njaa usiku mmoja, kinaangalia sukari iliyoganda kwenye chembe nyekundu za damu, na chembe hizo huishi miezi mitatu na zaidi.

Nikarudi dukani. Sikwenda kwa shari, wallahi. Nilisalimia, nikaweka kopo kwenye kaunta, nikauliza kwa adabu: mwanangu, hii mbona haijanisaidia? Hakuinua macho kwenye simu.

"Sukari yako wewe, mama, si ya dawa. Ni ya mdomo."

Duka limejaa watu. Binti mmoja nyuma yangu akacheka. Akaendelea, bado anabonyeza simu: "Viwili ulimeza? Hukumeza. Basi." Na kiganja akakipunga mara mbili, kama anafukuza mbuzi shambani. Nina mtoto mkubwa kuliko yeye. Huyu siku ya kuuza aliniita mama yangu kipenzi, akaniletea stuli nikae! Nikawaza nimjibu, nikakosa neno dogo la kuanzia, yote yaliyokuja yalikuwa makubwa.

Lingeishia hapo ningemsamehe. Ila pembeni yangu alikuwepo mzee mmoja, kakunja karatasi ya hospitali mkononi, anauliza hizi dawa zake za sukari anaweza kuzimeza pamoja na hivi vidonge. Kijana akamjibu bila kuisoma ile karatasi: "Hizo za hospitali zinachosha figo, mzee. Punguza taratibu, tumia hii." Taratibu! Hapo nikasahau mdomo wangu na mbuzi wake. Nikamwambia, "Shikamoo baba. Usipunguze hata nusu kidonge kabla hujamwona daktari wako." Kijana ndiyo akainua macho sasa, eti namharibia biashara. Ndiyo, nilikuwa naiharibu, na niliiharibu kwa sauti.

Nyumbani nikalikalia kopo. Mbele lina stika nyekundu ya Kiswahili, INASHUSHA SUKARI, herufi kubwa. Nikaibandua kwa kucha, ilipogoma nikachukua wembe wangu wa kufumulia nyuzi. Chini yake kuna maandishi ya mtengenezaji, madogo mpaka nilivaa miwani ya kutungia sindano: bidhaa hii haikusudiwi kutambua, kutibu, kuponya wala kuzuia ugonjwa wowote. Mwenye mali kasema mwenyewe, wao wakambandika stika mdomoni.

Kliniki nililibeba kopo kwenye mkoba, pamoja na ile lamineti niliyokuwa nimeipiga picha. Daktari, mdada mpole sana, aliitazama picha akatabasamu. Utafiti upo kweli, ulitoka 2019, wa watu 2,423, uniti 4,000 kila siku kwa muda wa kama miaka miwili na nusu. Ila wale hawakuwa na kisukari! Walikuwa watu ambao sukari yao inakaribia mpaka, ikaangaliwa kama vitamini D itawazuia wasivuke. Waliomeza vitamini na waliomeza kidonge kisicho na kitu, tofauti yao ilikuwa ndogo, haikutosha kusema hii ndiyo imewakinga. Kwa sisi tulio nacho tayari, alisema, tafiti nyingi zikikusanywa pamoja zinaonyesha sukari inateremka kidogo tu, na zaidi kwa mtu ambaye vitamini yenyewe ilikuwa imempungua sana.

Nikamuuliza, sasa mbona wenye sukari wengi wakipimwa wanakutwa na vitamini D ndogo? Akasema kongosho kweli lina sehemu zinazoipokea vitamini hiyo, ndiyo maana watafiti waliifuata. Lakini pia mtu mnene vitamini D inamjificha kwenye mafuta ya mwili, na mtu mgonjwa hatoki nje. Vinakutwa pamoja, haina maana kimoja kimemzaa mwenzake.

Kuhusu figo nilimbana, kwa ajili ya yule mzee. Metfomini haiui figo. Figo zikishachoka kwa sababu nyingine ndipo daktari anaipunguza au anaisimamisha, watu wakiona hivyo wanasema dawa ndiyo iliyozichosha. Kinachoziharibu ni sukari iliyoachwa juu miaka nenda rudi.

Na vile viwili vya haraka? Hapo ndipo nilipotaka kurudi Kariakoo siku hiyo hiyo. Mtu mzima asiye chini ya daktari asizidi uniti 4,000 kwa siku, na viwili vya kwangu ni 10,000. Haitoki kwa mkojo kama vitamini C, inalundikana. Ukizidisha kwa muda mrefu kalsiamu inapanda kwenye damu: kiu, kukojoa kila saa, kichefuchefu, choo kigumu, hata mawe ya figo. Kiu na kukojoa! Mwenye kisukari akipata hayo atasema sukari imepanda, na akirudi kwa yule kijana ataambiwa ameze vitatu.

Daktari hakuniambia niitupe moja kwa moja. Aliniandikia ya uniti 1,000, nimeze na chakula chenye mafuta kidogo, kwa ajili ya mifupa, siyo sukari. Sukari alinipandishia dozi ya metfomini. Halafu akaniuliza kama nyayo zinapata ganzi, maana metfomini ikitumika miaka mingi inaweza kushusha vitamini B12, na hiyo ndiyo akaniandikia nipime. Kule dukani kaunta nzima imejaa makopo, B12 hakuna aliyeitaja.

Kwa hiyo nyota ngapi? Vitamini yenyewe naipa tatu, kwa ajili ya magoti. Kama dawa ya sukari naipa moja. Nikimkumbuka yule mzee na karatasi yake naona hata hiyo moja ni nyingi, lakini kidonge hakikumwambia mtu aache dawa, mtu ndiye aliyesema. Basi iwe moja na nusu. Duka sifuri, na risiti hawakunipa.